Maswali ya Barabarani: Nimegonga mara tatu, nani atanipa gari?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni dereva, nakaa Magomeni hapa Mtwara, leseni yangu ina daraja E na cheti cha VETA ninacho. Nilianza na Fuso alafu nikapanda semi, lori la kuvuta tela. Shida yangu ni ajali ndogondogo. Ya kwanza nilikuwa narudi nyuma kuingia ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kule Tandahimba nikagonga nguzo ya geti, bampa la tela likapinda. Ya pili ilikuwa 2024 kipindi kile barabara ya Dar imeharibika, nikapishana na basi usiku maeneo ya Somanga, vioo vya pembeni vikagongana, changu kikaenda. Ya tatu niligonga bajaji iliyokuja kupaki nyuma yangu wakati narudi, taa yake ikavunjika, hakuna aliyeumia na nililipa palepale. Baada ya hiyo tajiri akaniachisha kazi. Saivi kila ninapoomba naambiwa "wewe si ndo yule wa kugongagonga". Wenzangu kijiweni wanasema nisitaje ajali kabisa, na kuna mmoja anaweza kunitengenezea barua ya kampuni ya Dar kwamba nilikuwa kwao na sina doa. Msimu wa korosho unakuja na mimi sina gari. Nifanyeje? Na je ni haki tajiri kunikata mshahara wote wa mwezi wa mwisho kwa ajili ya lile bampa?
Dereva, Magomeni, Mtwara

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hiyo barua maana inanitia wasiwasi kuliko ajali zote tatu. Usiichukue. Kughushi ni kosa la jinai, hilo moja, lakini pia huku kusini wenye malori wanajuana, wanakutana bandarini, wanakutana kwenye minada ya korosho, na hakuna mtu anayekupa funguo za semi bila kupiga simu kwanza. Akipiga huko Dar akaambiwa hatumfahamu, hapo habari ya bampa inakwisha na inaanza habari nyingine kabisa, ya mtu wa karatasi feki, na hiyo haifutiki kwa kazi nzuri ya msimu mmoja wala miwili.

Kuficha nako sikushauri. Mwenye gari anapokata bima kubwa, ile inayolipa hata gari lake mwenyewe, anaweza kuulizwa kuhusu madereva wake, na bima yote imesimama juu ya kusema ukweli, sasa wewe ukimficha yeye anaandika kitu kisicho kweli bila kujua, siku gari limepata ajali ya maana kampuni ya bima inakuwa na sababu ya kubishana na madai yake. Umemwingiza kwenye hasara ambayo hakuichagua. Na hata bila bima, umeshasema mwenyewe kwamba watu wanakuita yule wa kugongagonga, yaani habari zimeshafika kabla yako. Unamficha nani?

Sasa tuziangalie ajali zenyewe. Hamna hata moja ya spidi. Hamna ya pombe, hamna ya kusinzia, hamna ya kumpita mwenzio kwenye kona. Mbili kati ya tatu umegonga ukiwa unarudi nyuma, sehemu finyu, gari linatembea taratibu. Ile ya kioo mmepishana usiku kwenye barabara iliyobomoka, na mwaka huo wa 2024 kila aliyepita Kilwa anajua hali ilivyokuwa, mvua zile na kimbunga Hidaya mwezi wa tano njia ilikatika kabisa, ilipofunguliwa watu walikuwa wanapishana kwa kubanana. Ile siihesabu sana, ingawa ungeweza kusimama ukampisha basi. Lakini rivasi naihesabu. Shida yako ni rivasi na inarekebishika, nakwambia kwa dhati kabisa, dereva wa kuogopwa ni yule ambaye kila ajali yake ina sababu tofauti, leo breki kesho usingizi keshokutwa simu, huyo hujui utamshika wapi.

Ila umuelewe na tajiri. Haogopi taa ya bajaji. Bima kubwa nyingi zina kiasi ambacho mwenye gari anabeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa chochote, kwa hiyo kioo, taa, bampa, vitu vya aina hiyo karibu vyote vinatoka mfukoni kwake. Mwenye bima ndogo ndo kabisa, ile inalipa hasara uliyowatia watu wengine, gari lake mwenyewe halimo. Ndo maana unakuta dereva aliyewahi kupata ajali kubwa ya bahati mbaya anapewa gari tena, na anayekwaruza kila mara anakimbiwa. Ongeza na gari kulala gereji katikati ya msimu wakati wenzake wanapakia. Ukijua hilo ndo linalomuuma utajua pia cha kumwambia.

Kabla ya kwenda kuomba kazi popote, kafanye mazoezi ya rivasi. Naomba usione kwamba nakudharau, najua una leseni ya E na umeendesha semi, lakini tela linahitaji mkono ambao unachakaa ukikaa bila gari na wengi wetu tulijifunzia kwenye kazi tukabaki na makosa yetu. Tafuta rafiki mwenye semi iliyo tupu, siku haina safari, eneo la wazi, mpange mapipa mawili kama nguzo za geti. Ingia kwa upande wako wa kulia kwanza, upande unaouona kwa macho dirishani, alafu ndo ujaribu wa kushoto ambao unategemea kioo peke yake. Ukiwa kazini ukipewa uchaguzi, zungusha gari uingie kwa upande wako, hata kama inabidi uende mbele ukageuze. Shuka utembee uangalie eneo kwa miguu kabla hujaweka gia ya nyuma, angalia chini, angalia juu pia maana maghala mengine yana paa limeshuka na nyaya zinaning'inia. Na tingo, yaani msaidizi wako wa garini, asimame mahali unapomuona kwenye kioo, mkubaliane ishara kabla, mkono huu njoo, mkono huu simama, asiwe anapiga tu bodi ya gari. Ukimpoteza kwenye kioo unasimama. Sio unapunguza mwendo, unasimama kabisa mpaka umuone tena. Ile bajaji ilikuja ukiwa tayari unarudi, tingo alikuwa wapi? Kama alikuwa amekaa kabini na wewe basi hilo liseme kwenye maelezo yako, na useme kwamba sasa hivi hurudi nyuma bila mtu chini.

Maelezo gani? Andika karatasi moja, kwa mkono wako hata, ajali zote tatu. Tarehe, mahali, gari lilikuwa na mzigo au tupu, nini kiligongwa, nani aliumia (hakuna), hasara ilikuwa kiasi gani, nani alilipa, na mwisho nini umebadilisha. Usiweke lawama. Usiandike "geti lilikuwa dogo" maana geti halikusogea. Andika kitu kama hiki: "Nilikuwa naingia ghalani kwa kurudi nyuma, sikushuka kuangalia upande wa kushoto, tela likagusa nguzo. Tangu hapo nashuka kila mara na tingo anasimama nje." Sentensi mbili zimetosha. Tajiri akisoma hiyo anajua anaongea na mtu anayejijua. Kwenye usaili usisubiri uulizwe, itoe wewe, baada ya leseni na cheti, alafu omba akutest kwa kurudi nyuma na tela. Wengi watashangaa maana madereva huwa wanaomba kutestiwa barabara kuu.

Ambatanisha na hiyo karatasi taarifa za polisi kama ajali ziliripotiwa. Kama umewahi kuandikiwa notifikesheni hakikisha zote umelipa, siku hizi mtu anaangalia faini mtandaoni kwa namba ya leseni, itakuwa aibu ukisema umebadilika alafu deni linasoma. Nenda kwa tajiri wako wa zamani ukadai cheti cha utumishi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka akupe kazi inapoisha, hata kama mmeachana vibaya, na wewe utakitumia kuonesha miaka uliyofanya kazi. Kwa wadhamini usikimbilie mjomba na mwenyekiti wa mtaa peke yao. Mtafute mtunza ghala aliyekuona ukiingia na kutoka misimu yote, au karani wa kwenye mizani. Mtu wa mizigo akisema "huyu mzigo wake haujawahi kupungua gunia" kuna matajiri watasahau bampa hapohapo.

Kuhusu wapi pa kuanzia, mimi nisingeanza na makampuni makubwa, sio kwamba haiwezekani, ila pale kuna mtu wa ofisini mwenye karatasi ya vigezo, akiona ajali tatu anakuweka pembeni na huna nafasi ya kujieleza. Anza na mwenye gari moja au mawili, ambaye mtaongea ana kwa ana chini ya mwembe wake. Na usingoje korosho. Watu wengi wanafikiri huku kazi ni Oktoba mpaka Januari basi, lakini kabla ya hapo kuna salfa, dawa ya mikorosho, na pembejeo nyingine zinapelekwa vijijini, ufuta unaanza mnadani mwezi wa sita, mbaazi zinafuata mwezi wa nane huko, zote hizo zinakwenda maghalani kwa malori na mara nyingi kwa Fuso. Rudi kwenye Fuso mwanangu. Sio kushuka cheo. Chukua hata deiwaka, ya dereva anayeumwa au aliyeenda msibani, safari za Mtwara na Nanyamba, Lindi na Ruangwa, Masasi na Nachingwea. Ikifika Oktoba magari hayatoshi, kila mtu anatafuta dereva, na wewe utakuwa umeshaonekana miezi kadhaa ukiingia kwenye maghala yaleyale bila kugusa nguzo. Hapo ndo unaomba semi. Saruji, makaa ya mawe yanayoshuka kutoka Ruvuma kuja bandari ya Mtwara, makontena ya korosho, kazi ya semi hapa mjini ipo, tofauti na zamani.

Mvua zikianza uwe mwangalifu zaidi na udongo wa huko juu Newala na Tandahimba. Pale ambapo lami haijafika unateleza hata ukiwa umesimama. Ukiona ghala lina mteremko na tope, kataa kuingia, waambie wabebaji waje mpaka gari lilipo. Watanung'unika. Waache wanung'unike.

Sasa mshahara wako. Hapana, sio haki alivyofanya. Sheria hiyohiyo ya 2004 kifungu cha 28 inaruhusu mwajiri kukata kwa ajili ya hasara kama wewe umekubali kwa maandishi na kweli ni kosa lako ukiwa kazini, lakini lazima akuandikie sababu na kiasi na hesabu yake, akupe nafasi ya kupinga, asizidishe hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Robo. Mshahara wote hapana. Nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile wanayoita CMA, Mtwara ofisi ipo. Dai la mshahara linatakiwa lipelekwe ndani ya siku 60, na kama unaona hata kuachishwa kwenyewe hakukuwa kwa haki hilo muda wake ni mfupi zaidi, siku 30 tu, kwa hiyo ukimaliza kusoma hapa hesabu siku zako. Na usiseme sina mkataba wa maandishi kwa hiyo sina haki. Kuandika masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri, sio wako. Ila nakuomba uanze kwa kumfuata mwenyewe kwa heshima, na hesabu mkononi, umwambie sheria inasemaje, maana huyuhuyu ndiye atakayepigiwa simu na tajiri wako mpya na ni vizuri mkaachana mnasalimiana.

SWALI: Shikamoo mzee, naandika kwa niaba ya mume wangu, yeye anaona aibu. Anaendesha tipa linalobeba jasi kutoka Kilwa. Juzi kati alikwaruza gari la mtu wakati wa kupaki, tajiri akalipa, sasa tajiri amechukua leseni ya mume wangu anasema hampi mpaka deni liishe, na hapo hapo kazi hampi. Tuna watoto. Kuna mtu anasema akaripoti polisi kwamba leseni imepotea apate nyingine. Ni sawa?
Mama wa watoto wawili, Mitwero, Lindi

JIBU: Marahaba binti yangu, na pole sana. Asiripoti kwamba imepotea, kwasababu haijapotea na anajua iko wapi, atakuwa amewadanganya polisi kwa kitu ambacho haki iko upande wake.

Leseni imetolewa kwa jina lake baada ya yeye kufanya mtihani, sio mali ya kuweka rehani. Barabarani trafiki akiitaka anatakiwa aioneshe, bila hiyo hawezi kufanya kazi kwa mtu yeyote, sasa hilo deni atalilipa na nini? Mwambie aende kwa tajiri na mtu mzima mmoja anayeheshimika, mwenyekiti wa mtaa ni mzuri, waombe leseni na hapohapo waandikishane deni, ni kiasi gani na atalipa kidogo kidogo kwa mwezi. Deni kama ni la kweli akubali kulilipa, asilikimbie. Tajiri akikataa kutoa leseni hata baada ya hapo, aende polisi aeleze ukweli ulivyo, na madai mengine ya kazi ayapeleke CMA. Na ukiweza nenda naye. Wanaume wengi wa kazi hii wanaona bora kukaa nyumbani kuliko kwenda kusema nimegonga, wewe umeshaandika barua hii, hatua ya pili haikushindi.

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina Fuso mbili na semi moja hapa Masasi. Amekuja dereva kuomba kazi, mkweli, ameniambia mwenyewe amewahi kugonga vitu vidogo vidogo. Mke wangu anasema nisimpe. Wewe ungefanyaje?
Mwenye magari, Masasi

JIBU: Salama ndugu yangu. Mke wako ana haki ya kuogopa, hizo gari ndo ada za watoto. Lakini mimi ningempa, kwa masharti.

Muulize ajali zake moja moja, na usikilize kama anasema "niligonga" au "nikagongwa" kwenye kila moja. Anayesema amegongwa maisha yake yote bila yeye kukosea, huyo mwache aende. Alafu mpe Fuso kwanza, sio semi. Safari za Nachingwea, Nanyumbu, Mtwara na kurudi. Barabara ya Tunduru na Songea au ya Dar isubiri mpaka umeona gari linarudi lilivyoondoka.

Ila na wewe nikuulize. Unamlipa tingo? Kuna wenye magari wanapunguza tingo ili kuokoa posho, dereva anarudi nyuma peke yake kwenye ghala limejaa watu na magunia, alafu akigusa nguzo anaitwa mzembe. Tingo mmoja makini anakulinda kuliko taa na kamera yoyote ya nyuma utakayofunga. Na usimpigie simu dereva kila baada ya dakika chache kumuuliza umefika, umeshusha, mbona wenzako wameshapakia. Hizi ajali za kwenye maghala nyingi zinatokana na haraka ya foleni, na haraka hiyo mara nyingi inaanzia kwa sisi tunaopiga simu. Kama unalipa kwa tripu fikiria kumlipa mshahara na posho ya safari, maana anayelipwa kwa tripu atarudi nyuma kabla tingo hajafika chini.

Muandikie mkataba kabla hajashika funguo, na humo humo muweke hasara zitahesabiwaje, ndani ya ile robo niliyomwelezea mwenzetu wa Magomeni. Alafu mzunguke gari wote wawili mchana kweupe, mpige picha kila mkwaruzo uliopo tayari, bampa, vioo, taa, bodi, na yeye aweke sahihi kwenye orodha hiyo. Mwezi ukiisha mnazunguka tena na picha zilezile mkononi.